Fomu 8843: karatasi yenye neno linalodanganya

Hapa tumezoea kuchambua vitabu, filamu, na mara moja moja hotuba ya mkubwa fulani. Leo nachambua karatasi ya ofisi. Ni Fomu 8843 ya IRS, ofisi ya kodi ya Marekani, ile ambayo mwanafunzi wetu mwenye visa ya F-1 anapashwa kuijaza kila mwaka katika miaka yake ya kwanza kule, hata kama hakupata senti moja. Mutu ataniuliza, karatasi ya kodi na uchambuzi vinakutana wapi? Vinakutana hapa: ni maandishi, yana mwandishi, yana wasomaji, na wasomaji wake wengi kutoka kwetu wanayasoma vibaya. Miaka mitano sasa mudogo wangu anaijaza kule, mimi naisoma naye kwa simu kutoka Lubumbashi, na nimefika kuamini kwamba sehemu kubwa ya kosa si ya wasomaji. Ni ya karatasi yenyewe.

Tuanze na umbo lake. Ina kurasa mbili za kujaza, na maelezo nyuma yake. Sehemu ya I inauliza jina, visa, tarehe ya kuingia, uraia, paspoti, halafu ku mstari wa 4 inauliza: ulikuwa ndani ya Marekani siku ngapi mwaka huu, siku ngapi mwaka jana, siku ngapi mwaka juzi? Sehemu ya II ni ya walimu na watu wanaofundishwa kazi. Sehemu ya III njo ya wanafunzi. Sehemu ya IV ni ya wachezaji wa kulipwa waliokuja kucheza mchezo wa hisani. Sehemu ya V ni ya mutu aliyetaka kuondoka Marekani lakini ugonjwa ukamshika akiwa kule. Kwa hiyo mhitimu wa kilimo kutoka Unilu anajikuta kwenye karatasi moja na mshambuliaji wa TP Mazembe aliyealikwa kucheza mechi ya kusaidia mayatima, na mutu aliyelazwa hospitalini. Mara ya kwanza inachekesha. Mara ya pili unajiuliza: hawa watatu wanafanana ku nini?

Soma tena kutoka juu hadi chini, utaona jambo la ajabu. Hakuna mahali inapokuuliza ulipata pesa ngapi. Haiulizi mshahara, haiulizi kodi uliyokatwa, haina hata mstari mmoja wa dola. Ni karatasi ya siku. Mwanafunzi, mchezaji na mgonjwa wanafanana ku jambo moja tu: wote walikuwa kule, lakini siku zao hazihesabiwi. Karatasi nzima inasema neno hilo moja, na ingekuwa nzuri kabisa kama ingelisema hivyo.

Lakini haikusema hivyo. Kichwa chake kinawaita watu hawa «exempt individuals». Siye wa Lubumbashi tunasoma Kiingereza kupitia Kifaransa. Tunaona «exempt», tunasikia «exempté», na kichwani inageuka mara moja: aliyesamehewa kodi. Kutoka hapo sentensi inajiandika yenyewe, ile tunayoisikia kila mahali: «Banafunzi habalipake impo.» Mutu anajaza 8843, anaitia mu bahasha, anaona amemaliza, juu karatasi yenyewe imemwambia amesamehewa. Na mshahara wake wa kusaidia mu maabara unabaki bila kutangazwa.

IRS wenyewe wanajua. Mu kitabu chao namba 519, mwongozo wa kodi kwa wageni, wanaweka onyo kwamba neno hilo halimaanishi mutu aliyesamehewa kodi ya Marekani. Wanalieleza, wanaendelea. Kwangu hapo njo uchambuzi unapoanza. Mwandishi akilazimika kuandika «neno langu halina maana ile munayoisoma», alikuwa na dawa rahisi zaidi, kubadilisha neno. Haikuwezekana, juu neno limetoka ndani ya sheria yenyewe, ile ya 1984 iliyoweka hesabu ya siku, na karatasi za ofisi zinabeba maneno ya sheria bila kuuliza nani atayasoma. Nasema hivi bila hasira. Karatasi zetu hapa zinafanya vile vile, na kwa Kifaransa ambacho mama yangu hakisikii.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mutu aliyefanya licence ya kilimo asiiogope, amepiga takwimu mbaya kuliko hizi. Marekani inamhesabu mgeni kuwa mkaaji wa kodi kama alikuwa kule siku zisizopungua 31 mwaka huu, na jumla ya siku 183 ikihesabiwa hivi: siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana, na sudusi ya siku za mwaka juzi. Mfanyabiashara anayekaa kule siku 120 kila mwaka anapata 120, na 40, na 20. Jumla ni 180. Amebaki mgeni, kwa siku tatu tu. Sasa mwanafunzi anakaa karibu mwaka mzima. Bila ulinzi wowote angekuwa mkaaji wa kodi mara moja. Ulinzi wake ni kwamba siku zake za miaka mitano ya kalenda hazihesabiwi. Fomu 8843 ni mahali pa kusema: hizi siku ni zangu, na hii njo sababu musizihesabu.

Miaka ya kalenda, bandugu. Hapa kuna mtego mwingine, na karatasi inaupita kimya kimya. Mwaka wa masomo unaanza mwezi wa nane. Kwetu msimu wa mahindi unapandwa mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, unavunwa mwaka unaofuata, na hakuna mkulima wa Kipushi atakayekuambia amelima misimu miwili. Kwa kodi ya Marekani angekuwa amelima miwili. Mutu aliyeingia tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili amekula mwaka mzima mmoja wa miaka yake mitano kwa siku nne. Mutu aliyekuwa kule zamani kwa F-1 au J-1 ya masomo, akarudi hapa, akaenda tena, miaka ya zamani nayo inahesabiwa mu ile mitano. Mke au mume mwenye F-2, na mtoto mwenye F-2, kila mmoja anajaza yake. Ndiyo, hata mtoto mchanga, mzazi anasaini mahali pake. Kuna mama mmoja wa kwetu aliyecheka sana siku alipoandika, ku karatasi ya serikali, visa na siku za mtoto asiyejua bado kuketi.

Sasa, juu ya nini sisi hasa tunaisoma vibaya? Wahindi na Wachina nao wanaona neno lile lile. Nadhani jibu liko hapa nyumbani. Mu Kongo, mutu mwenye mshahara hakuzoea kutangaza kodi yake mwenyewe. Kodi ya mshahara, mwajiri anaikata, mwajiri anaitangaza ku DGI, na anapashwa kuilipa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Mfanyakazi anaiona ku karatasi ya mshahara, kama anapewa karatasi. Wengi wetu tumefika miaka 25, 28, tuna diploma, tumefanya kazi za mashambani na miradi, na hatujawahi kuketi mbele ya karatasi inayosema: jitangaze. Kodi tunayoijua ni ile ya mutu anayesimama ku mlango wa soko na kijitabu cha risiti. Kwake unalipa au unabishana. Hakuna siku aliyokuomba umueleze wewe ni nani mbele ya sheria.

Kwa hiyo mwanafunzi anafanya jambo la akili, anauliza wakubwa. Na hapa nafika ku maandishi ya pili ninayotaka kuchambua, ambayo hayajaandikwa popote: mashauri ya bayaya na banoko wetu kule Iowa, Texas, Maine, yanayokuja kwa sauti za WhatsApp. Nimesikia mengi. Yana mtindo wake. Yanaanza kwa salamu ndefu, yanapita ku habari za baridi, halafu yanafika: «Mwana, usiogope. Ingia mu programu, tia W-2 yako, banakurudishia feza yote. Miye kila mwaka banarudishaka.»

Noko hadanganyi. Jambo hili nalikazia, juu kuna wenzetu wanaopenda kusema wakubwa wa kule hawajui kitu. Noko anasema kweli tupu, kweli yake. Yeye aliingia kwa lotri ya visa, au kwa ukimbizi kisha kadi ya kijani. Mwenye kadi ya kijani ni mkaaji wa kodi tangu siku anapoikanyaga nchi nayo. Anajaza Fomu 1040. Ana haki ya punguzo la kawaida, ana haki za watoto, ana haki ya msaada wa kodi kwa masomo. Mwanafunzi wa F-1 mu miaka yake mitano anajaza Fomu 1040-NR. Punguzo la kawaida hana. Msaada wa kodi kwa masomo hana, ingawa yeye njo anasoma. Wamekaa mu nyumba moja, wanakula fufu moja, wamesimama juu ya karatasi mbili tofauti.

Tuchukue namba, juu bila namba hii inabaki hadithi. Mwaka wa kodi 2024, mutu mmoja bila familia, mshahara wa dola 12,000. Noko ana punguzo la kawaida la 14,600. Mshahara wote umefunikwa, kodi yake ya shirikisho ni sifuri, na kila kitu walichomkata kwa kodi hiyo kinarudi. Mudogo wake wa F-1, mshahara ule ule: asilimia 10 ku 11,600 za kwanza, asilimia 12 ku 400 zilizobaki. Ni dola 1,208, tukiacha kodi ya jimbo na vipunguzo vidogo. Akifuata sauti ya noko, akaingia mu programu ya kawaida, programu haitamuuliza habari ya visa kwa namna ya kumsimamisha. Itamrudishia 1,208 ambazo si zake, na akibofya ule msaada wa masomo inaweza kumwongezea hadi 1,000 nyingine. Atafurahi, atatuma kidogo nyumbani. Siku moja atapashwa kurekebisha kwa Fomu 1040-X, kurudisha, na kulipa faida juu yake. Na kama hakurekebisha, mambo haya yanangoja: mutu anayeomba uraia wa Marekani anaulizwa kama ana deni la kodi. Kwa mwanafunzi ambaye maisha yake yote kule yanasimama juu ya visa, karatasi yenye tamko lisilo kweli si jambo la kuacha nyuma.

Basi mashauri ya noko yana kasoro moja tu, lakini ni kubwa: hayasemi yanamhusu nani. Fomu 8843 ina kasoro ile ile kwa upande mwingine. Inasema inamhusu nani, mpaka wachezaji, lakini haisemi inakufanyia nini. Ukizisoma zote mbili pamoja unapata mwanafunzi anayeamini mambo mawili yanayopingana: kwamba hapashwi kulipa kitu, na kwamba anapashwa kurudishiwa kitu.

Ajabu ni kwamba kuna mahali ambapo neno «kusamehewa» lingefaa kweli, na pale karatasi imenyamaza. Ni makato ya pensheni na matibabu ya wazee: asilimia 6.2 na asilimia 1.45, jumla 7.65. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado si mkaaji wa kodi hakatwi hayo, kwa kazi ambayo visa yake inaruhusu. Noko anakatwa. Waajiri wadogo wengi hawajui tofauti hii, wanamkata mwanafunzi wetu sawa na wengine mwaka ule wa kazi baada ya diploma. Ku mshahara wa dola 40,000 ni dola 3,060. Anapashwa kumuomba mwajiri kwanza amrudishie, na mwajiri akikataa, kuna Fomu 843 pamoja na Fomu 8316 za kuomba IRS. Sijasikia sauti hata moja ya WhatsApp inayosema hivi. Tunahimizana kudai 1,208 ambazo si zetu, tunaacha 3,060 zilizo zetu.

Nataka nisimame kidogo ku Wahindi na Wachina, juu hapa kuna historia ambayo haiko mu shule zetu. Mu maabara ile ile, mshahara ule ule wa 12,000, mwanafunzi Mhindi analipa sifuri na Mchina analipa kama dola 700. Mhindi, mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani unampa punguzo la kawaida. Mchina, mkataba wake unamwondolea dola 5,000 za mshahara kila mwaka. Mkongomani anatafuta nchi yake mu orodha ya mikataba: Misri iko, Moroko iko, Tunisia iko, Afrika Kusini iko. Kongo haiko. Wengi wanadhani haijawahi kuwako. Ilikuwako. Marekani na Ubelgiji walifanya mkataba wa kodi mwaka 1948, na mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ukanyooshwa mpaka Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Tukapata uhuru, tukawa Zaire, mkataba ule wa wakoloni ukaendelea kutembea kama mbwa ambaye mwenye nyumba amehama. Mwaka 1983 Marekani wakatangaza kuvunja mikataba ya namna hiyo kwa nchi nyingi ndogo na kubwa, sisi na Rwanda na Burundi tukiwa ndani, na mwanzo wa 1984 ukaisha. Hakuna mwingine uliokuja nyuma yake. Na Ubelgiji tunao mkataba, na Afrika Kusini pia tunao. Na Marekani, hapana. Kwa hiyo 1,208 za mudogo si bei ya umaskini wake wala ya akili yake. Ni bei ya meza ambayo serikali yetu haijaketi.

Wenzetu walioenda kusini wana karatasi nyingine. Afrika Kusini nayo inahesabu siku, lakini kwa muda mrefu zaidi: zaidi ya siku 91 mwaka huu na kila mwaka wa mitano iliyopita, na zaidi ya 915 mu ile mitano kwa jumla, na mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 1 mwezi wa tatu. Kanada inaanza na vifungo: nyumba yako iko wapi, mwenzi wako, watoto wako. Kule mwanafunzi asiye na mshahara anafaidika akitangaza, anaweza kupata marudisho ya kodi ya manunuzi. Nalisema hili juu sauti za WhatsApp zinavuka mipaka, na shauri la Montreal likifika Dallas linaharibu.

Kuna jambo jingine ku 8843 linalowasumbua watu wetu, nalo linaonekana dogo. Kama huna mshahara wa kutangaza, karatasi inaenda peke yake, kwa posta, na saini ya mkono, mpaka Austin, Texas. Mwisho ni tarehe 15 mwezi wa sita; mwenye mshahara anaitia pamoja na 1040-NR yake kabla ya tarehe 15 mwezi wa nne kuisha. Halafu? Halafu hakuna kitu. Hawakujibu, hawakutumii karatasi ya kupokea. Kwa mutu wa Lubumbashi hii ni shida ya imani. Hapa karatasi bila kashe si karatasi. Tumezoea kupeleka nakala mbili, moja inabaki, moja inarudi na muhuri, tarehe na saini ya mutu ambaye jina lake halisomeki. Mudogo mwaka wa kwanza aliniuliza: «Sasa nitajua je kama baliipata?» Jibu ni kutuma kwa posta yenye namba, kuweka nakala na risiti. Risiti ya posta njo kashe yako. Lakini ninaelewa kwa nini wengine, mwaka wa pili, wanaacha kuituma. Mutu akiandika barua tatu bila kujibiwa anaona mwenzake amekufa. Na ukiacha, hakuna faini ya pesa juu ya 8843 peke yake, bali maelezo ya karatasi yanasema kwamba mchezaji au mgonjwa asiyeituma kwa wakati hawezi kutoa siku zake mu hesabu. Adhabu yake nayo ni ya siku.

Kama ningepewa kuitafsiri kwa Kiswahili chetu, neno «kusamehewa» nisingeligusa. Wala «kuachiliwa». Ningeandika juu kabisa: «Karatasi ya mutu ambaye siku zake hazihesabiwi.» Ni ndefu, najua, lakini mama anaelewa, noko anaelewa. Na chini yake ningeongeza mstari mmoja ambao fomu ya Kiingereza haina: «Ulipata mshahara au ufadhili wa chumba na chakula? Basi kuna karatasi ya pili.» Juu hata ufadhili una sehemu mbili: ile ya kulipa masomo na vitabu vinavyotakiwa kwa masomo haitozwi kodi, ile ya kulala na kula inatozwa, na kwa mwanafunzi wa F-1 chuo kinaikata asilimia 14.

Lakini haki iende kwa mwenyewe. Mu karatasi hii kuna mstari mmoja ulioandikwa vizuri, sina la kusahihisha, na mwaka ujao utatugusa. Ni mstari wa 12. Unauliza: umekuwa hapa kama mwalimu, mfunzwa au mwanafunzi kwa sehemu yoyote ya zaidi ya miaka mitano ya kalenda? Ukijibu ndiyo, unatakiwa kuambatanisha maelezo yanayoonyesha kwamba huna nia ya kukaa Marekani daima. Mstari wa 13 unafuata: umefanya hatua yoyote ya kuomba ukaaji wa kudumu? Hapo karatasi ya siku inaacha siku. Inauliza nia.

Mudogo aliingia mwezi wa nane 2021. 2021, 2022, 2023, 2024, 2025: mitano imejaa. Kwa mwaka 2026, siku zake zinaanza kuhesabiwa kama za mutu yeyote, na kufika mwezi wa saba atakuwa mkaaji wa kodi, isipokuwa akiandika yale maelezo na yakakubaliwa. Akiwa mkaaji, anapata punguzo la kawaida la noko, anaanza kukatwa ile 7.65, na anapashwa kutangaza mapato ya dunia nzima, pamoja na sehemu yake ya kodi ya nyumba ya lupango lwa baba kule Bel-Air, ambayo sisi wote tunaiita «kamakuta ka mama». Akiandika maelezo, anabaki mgeni: hana punguzo, hakatwi 7.65, na lupango yetu inabaki yetu. Tumepiga hesabu zote mbili. Kwa mshahara anaoutarajia, tofauti si kubwa.

Kinachobaki ni maelezo yenyewe. Ku ubalozi wa Kinshasa mwaka 2021 alisema kwa mdomo, dakika tatu mbele ya kioo, kwamba atarudi. Sasa anatakiwa kuliandika, na kutoa sababu: familia yake iko wapi, mali yake, vifungo vyake, na kwamba hajaomba kadi. Ameniomba nimsaidie kuandika, juu mimi njo najua habari za lupango na za mama. Nimeandika aya ya kwanza. Ya pili inapashwa kuanza na maneno «Nina nia ya kurudi Lubumbashi», na hiyo nimemwachia yeye. Ana muda mpaka tarehe 15 mwezi wa nne 2027.